Kioo Namba Thelathini na Saba

"Hivi wewe, Bibi Rouzaud, kioo kidogo kama biskuti kinaweza kusimamisha ndege ya kubeba watu mia tatu?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu, Bwana Delbosc, akiwa amesimama jikoni kwangu na kofia kichwani. Mtu anayeingia nyumba ya mjane bila kuvua kofia, mkate na supu vikiwa mezani, huhitaji kuuliza alilelewaje. Jibu nilimpa. Lakini ninyi mnaosoma hamtalielewa jibu langu mpaka mjue kioo chenyewe kilikuwa kipi, na kilifikaje mahali kilipofika.

Tulikaa Toulouse, katika nyumba ya matofali mekundu si mbali na kiwanja cha ndege, mimi na binti yangu Odile, ghorofa ya pili. Delbosc na mkewe na binti yao Corinne walikaa ghorofa ya tatu, juu ya vichwa vyetu, na hawakutuacha tusahau. Mume wangu alifariki Odile akiwa na miaka sita. Alichotuachia ni jina lake, baiskeli, na viatu vyake vya kuchezea raga, ambavyo niliviweka juu ya kabati kwa sababu sikuwa na moyo wa kuvigawa.

Kila siku tuliamka saa kumi na mbili asubuhi. Tulipiga magoti mbele ya msalaba, tukasali Baba Yetu, tukanywa kahawa ya maziwa kwenye mabakuli. Kisha Odile alikwenda shule, nami nikapanda baiskeli kwenda kiwandani.

Mwaka ule kiwanda kilikuwa kinaunganisha ndege mpya kubwa. Mabawa yalitoka Uingereza, vipande vya kiwiliwili Ujerumani, pua hapa kwetu Ufaransa. Vilibebwa na ndege nyingine yenye tumbo kubwa, hata watoto wakaiita mjamzito. Mjini watu walicheka. Mwoka mikate wa mtaani kwetu alikuwa na neno lake kila asubuhi.

"Wajerumani na Waingereza!" alisema. "Juzi tu walikuwa wanatupiana mabomu, leo washikiane spana? Na injini mbili peke yake! Baiskeli ina magurudumu mawili, na wewe, mama, nimekuona ukianguka mara ngapi?"

"Mara moja," nilimwambia. "Na mkate wako uliungua mara ngapi?"

Mimi sikutengeneza ndege. Sina elimu hiyo. Nina cheti cha shule ya msingi, nacho nimekitundika ukutani. Nilikaa kwenye dirisha la zana. Nyuma yangu kulikuwa na mbao ndefu zenye ndoano mia sita. Chini ya kila ndoano palichorwa kwa rangi umbo la zana yake, ili pengo lionekane hata na mtu mwenye usingizi. Fundi akitaka bisibisi, hunipa kibati cha shaba chenye namba yake. Mimi nampa bisibisi, natundika kibati kwenye ndoano. Jioni anarudisha zana, nami namrudishia kibati.

Ndoano yenye kibati jioni maana yake ni moja: zana iko mahali fulani. Na ndani ya ndege hilo neno "mahali fulani" ndilo linaloua watu. Kwa hiyo kulikuwa na sheria. Bila saini yangu kwamba ndoano zote zimejaa, ndege haikufungwa kwenye trekta wala haikutoka nje. Funguo za dirisha zilikuwa mbili: mmoja kwangu, mwingine katika ofisi ya wasimamizi.

Delbosc alikuwa msimamizi wa zamu, na sheria hiyo ilimkera kama jiwe kiatuni. Dirisha langu aliliita duka la vifungo vya nguo. Baba akitema, mtoto hulamba: Corinne alilibeba neno hilo mpaka uwanja wa shule.

"Baba yangu anaamrisha watu arobaini," alimwambia Odile mbele ya wenzao. "Mama yako anaamrisha bisibisi."

"Bisibisi, spana, koleo, vioo, vyote mia sita!" Odile akajibu.

"Eti! Basi wewe ni binti wa malkia wa bisibisi. Haya, msujudieni!"

Uwanja mzima ukasujudu. Kuanzia siku hiyo hakuitwa Odile tena, aliitwa Malkia. Mimi niliposikia nilisema, "Waache, watachoka." Nilikosea. Watoto hawachoki kucheka mpaka apatikane mwingine wa kuchekwa.

Jumapili moja ya vuli, kiwanda kilifungua milango kwa familia za wafanyakazi. Ndege ilikuwa imekamilika, imebaki kutolewa nje siku ya Jumanne kuwashwa injini kwa mara ya kwanza. Baada ya Misa tulikwenda na Odile amevaa koti lake la bluu. Kamba zilifungwa huku na huku ili watu wasiguse kitu. Delbosc akamnyanyua Corinne, akamvusha kamba, akampeleka mbele kabisa akamkalisha kwenye kiti cha rubani. Corinne akatupungia mkono kupitia kioo cha mbele kama askofu. Odile alisimama nyuma ya kamba pamoja na sisi wengine.

Kisha tuliruhusiwa kuingia ndani upande wa mkiani, ambako sakafu ilikuwa imefunguliwa sehemu moja, na hapo alisimama Bwana Ibarz. Ibarz ni Mhispania. Alivuka milima akiwa mtoto, kwa miguu, kwenye theluji, ameshika sketi ya mama yake, vita vikiwa nyuma yao. Kwa kazi yake sikuwahi kumwona fundi mwangalifu zaidi. Siku hiyo alipangiwa kuwaonyesha watoto jinsi ya kukagua mahali jicho lisipofika. Nilikuwa nimemfungulia dirisha langu, naye akachukua kioo cha kukagulia: duara dogo kwenye mpini mrefu, kama kile cha daktari wa meno. Kilikuwa kioo namba thelathini na saba. Kibati chake namba mia mbili na kumi na nne nilikitundika mimi kwa mkono wangu.

"Ukiingiza hivi," aliwaambia watoto, "unauona mgongo wa skrubu. Skrubu inaweza kukudanganya usoni. Mgongoni haiwezi."

Watoto walicheka. Akakiweka kioo pembeni ya shimo ili amnyanyue mtoto mdogo aliyetaka kuona. Alipogeuka hakikuwepo.

Jioni alikuja dirishani mikono mitupu, uso wa majivu.

"Nilikiweka pembeni," akasema. "Nikageuka kidogo tu, Bibi Rouzaud. Kidogo tu."

"Pembeni ya shimo la mkiani?"

"La mkiani."

Hatukuhitaji kuelezana. Chini ya sakafu ile zinapita kamba za chuma zinazokwenda kugeuza usukani wa mkia. Kioo kikijibana pale, rubani atavuta na mkia hautaitika.

Sikutia saini.

Jumatatu watu arobaini walipiga magoti ndani ya ndege na tochi. Walifungua sakafu kipande baada ya kipande. Delbosc alipita juu yao akifoka kwamba anapoteza siku kwa ajili ya kitu cha kutazamia meno. Kufikia asubuhi ile hata mwoka mikate alikuwa na habari.

Na shuleni pia. Odile alikuwa amekwenda na kioo kile kile ndani ya begi, tayari kukitoa mapumzikoni na kusema: haya, tazameni, hiki kimetoka ndani ya ndege, kwa mama yangu, na bila mama yangu ndege haiendi. Usiku kucha wa Jumapili alikuwa ameipanga hotuba hiyo. Lakini kabla hajafungua begi, Corinne alikuwa ameshaanza.

"Kuna bwege la Kihispania limepoteza kioo," alisema. "Baba amesema asipokiona mpaka kesho jioni anafukuzwa. Na mama yako Malkia amegoma kutia saini. Mnajua baba anamwitaje? Kuku anayeatamia misumari."

Odile akalifunga begi. Hivyo ndivyo wizi ulivyo: alikiiba ili akionyeshe, na kuanzia dakika hiyo hakuweza kukionyesha kwa mtu yeyote chini ya jua. Alirudi nyumbani akapanda juu ya kiti, akakitumbukiza kwenye kiatu cha raga cha marehemu baba yake.

Haya yote aliniambia baadaye. Wakati huo sikujua. Macho yangu yalilinda zana mia sita za watu wengine, na hayakuutazama mkono mmoja wa koti la mwanangu. Siandiki hili kwa kujisifu.

Kitu kimoja nilikisikia. Jumanne asubuhi, tulipokuwa tunasali, sauti yake ilikwenda vizuri mpaka "utusamehe makosa yetu." Hapo ikazama. Ikarudi tena kwenye mstari unaofuata, safi kabisa.

"Una nini?" nilimwuliza tulipoinuka.

"Mafua, mama."

"Mafua yanachagua mstari?"

Akashika bakuli lake kwa mikono miwili akanywa asinitazame. Nikadhani ni mambo ya shule. Nikaondoka.

Mchana sote tulirudi kula. Nilikuwa nimepakua supu ya maharage mlango ulipogongwa na kufunguliwa kwa pamoja, maana Delbosc hangoji kukaribishwa. Ndipo aliponiuliza lile swali.

"Kinaweza," nilimjibu. "Na leo kimesimamisha."

Akacheka puani. Akatia mkono mfukoni, akaweka mezani kioo kipya, duara dogo kwenye mpini mrefu. Kwenye mpini mtu alikuwa amekwangua namba thelathini na saba.

"Kitundike," akasema. "Nimekitoa stoo ya nje, hakuna aliyeniona. Saa nane na nusu unarudi, unakitundika, unatia saini. Saa tisa ndege inatoka. Ibarz anabaki kazini. Wakubwa wanafurahi. Sasa niambie, mama, nani anaumia?"

"Kile cha kwanza kiko wapi?"

"Kimefagiwa! Kiko jalalani tangu Jumapili! Watu arobaini wametafuta siku moja na nusu."

"Nionyeshe hilo jalala."

"We mama, hebu niambie, ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"Nilimaliza shule ya msingi," nikasema. "Tulifundishwa kuhesabu mpaka thelathini na saba."

Hapo aliacha kucheka. Aliegemea meza yangu kwa ngumi zote mbili.

"Sikiliza basi. Usipokitundika, Ibarz anatoka getini leo jioni. Ana watoto watatu na mke mwenye kifua kibovu, na nani atamchukua Mhispania aliyefukuzwa kwa uzembe? Wakikosa mkate, nenda ukawaeleze wewe na rozari yako."

Nitasema kweli: neno hilo lilinipata. Kosa la Delbosc halikuwa ujinga. Alijua pa kumchoma mtu. Nilimwona akilini mke wa Ibarz kanisani, kiti cha nyuma, akikohoa ndani ya leso ili asisumbue watu. Ndoano moja tu, nikawaza. Kioo kimoja. Kisha nikawawaza wale watakaoirusha ndege hiyo, wanaume wenye wake zao, watakaovuta usukani kwa kuamini karatasi yenye jina langu.

"Kwa mke wa Ibarz nitakwenda mwenyewe," nikasema. "Nitapiga magoti kama italazimu. Lakini uongo siutundiki kwenye ndoano yangu. Chukua kioo chako, Bwana Delbosc, supu inapoa."

Akakichukua.

"Ndege haimngojei mlinda kabati," akasema, akatoka bila kufunga mlango. Tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi, haraka haraka.

Odile hakuwa amegusa supu.

"Mama, Bwana Ibarz atafukuzwa kweli?"

"Leo jioni."

"Hata kama hakufanya kitu?"

"Nani kasema hakufanya kitu? Kioo kilikuwa mkononi mwake."

Akaondoka mezani. Nikasikia kiti kikikokotwa chumbani. Akarudi na kiatu cha baba yake, akakigeuza juu ya meza, na kioo namba thelathini na saba kikaanguka kando ya mkate. Kikatulia kikinitazama. Nikajiona ndani yake, na sikumpenda niliyemwona: mlinzi hodari wa zana, mama wa mwizi.

Sikumpiga. Mkono ulitaka.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Wanakucheka." Machozi yalikuwa yanadondokea supu. "Wanasema kazi yako ni ya vifungo. Nilitaka waone kwamba ni kazi kubwa."

"Kwa hiyo ukaenda kuniibia mimi. Wanaosema dirisha langu ni la mchezo, wewe ukawahakikishia. Hongera, Odile. Hata Corinne hajawahi kunidharau hivyo."

Alilia kwa sauti sasa. Kisha, katikati ya kwikwi, akasema neno ambalo kila mkosaji hulisema, mkubwa kwa mdogo.

"Kirudishe wewe, mama. Sema umekiona uani."

"Nani alikibeba kutoka kiwandani?"

"Mimi."

"Vaa koti."

Nilimpakia nyuma ya baiskeli. Upepo wa autan ulikuwa unavuma, ule unaowatia watu wazimu mji mzima, nami nilikanyaga pedali huku nikisali kimoyomoyo, sikumbuki sala gani. Getini mlinzi alikataa: mtoto haruhusiwi siku ya kazi. Nikamwambia ampigie simu Mhandisi Vaysse, mkuu wa karakana, amwambie kwamba kioo kiko getini. Mlinzi akasikiliza, akakunja uso, akatazama simu.

"Anasema kioo kimeshapatikana," akaniambia. "Lakini anasema uingie na mtoto."

Nilielewa kabla sijafika. Karakana ilikuwa na kelele za kumaliza kazi: vipande vya sakafu vinarudishwa, watu wanapiga miluzi, trekta limeshafungwa kwenye gurudumu la pua hata kabla ya saini yangu. Dirisha langu lilikuwa wazi, nami ufunguo wangu ulikuwa mfukoni. Kwenye ndoano ya thelathini na saba kilining'inia kioo kipya kinachong'aa. Mhandisi Vaysse alikuwa amesimama pale na karatasi, Delbosc pembeni yake na kofia yake, na Bwana Ibarz hatua chache nyuma, magoti ya suruali yake yametoboka.

"Bibi Rouzaud, tulikuwa tunakungoja," Vaysse akasema. "Bwana Delbosc amekipata chini ya kiti cha safu ya mwisho. Tia saini, tuendelee."

Delbosc alinitazama kwa jicho la mtu aliyeshinda. Alijua kwamba nikikataa, itakuwa neno lake dhidi ya neno la mlinda kabati.

Nikamsogeza Odile mbele. Kaunta ilimfika kifuani. Akatoa kioo kwenye mkono wa koti, mahali palepale alipokiingiza Jumapili, akakiweka juu ya ubao.

"Nilikiiba mimi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikuzama. "Bwana Ibarz alipomnyanyua yule mtoto. Hakikuwa kwenye ndege. Kilikuwa kwenye kiatu cha baba."

Miluzi ilikoma kidogo kidogo, mpaka tukausikia upepo kwenye paa. Vaysse akakiokota. Kisha akanyoosha mkono, akakitungua kile cha ndoanoni. Akavishika vyote viwili, kimoja kila mkono.

"Thelathini na saba," akasoma. "Na thelathini na saba."

Kimoja namba yake ilipigwa kwa mashine, imejaa grisi ya miaka. Kingine ilikwanguliwa kwa msumari, na ile saba imelala kama mlevi ukutani.

"Kioo ni kioo, Mhandisi," Delbosc akasema upesi. "Na sasa si mmesikia? Hakikuwa ndani ya ndege! Nilisema tangu mwanzo. Nilikuwa sahihi mimi."

Ibarz ndiye aliyemjibu. Hakupandisha sauti.

"Saa nane, uliponiamuru nifunge sakafu, ulijua?"

"Nilisema..."

"Sikuulizi ulisema nini. Ulijua?"

Delbosc akatazama watu wake arobaini. Hakuna aliyemsaidia. Waliokuwa wakimcheka mwanamke wa dirishani kwa maneno ya Delbosc walikuwa sasa wanasoma viatu vyao kwa makini sana. Mimi watu hao siwaheshimu zaidi kuliko yeye.

Odile akamgeukia Ibarz. "Nisamehe," akasema.

Ibarz hakumpapasa kichwa. Nilimshukuru kwa hilo.

"Nimetambaa siku moja na nusu," akamwambia, "nikitafuta kitu kilichokuwa kiatuni kwako. Jana usiku mke wangu aliniuliza kama tufunge virago. Siwezi kukwambia si kitu. Ni kitu." Akajikung'uta magoti. "Lakini umekuja na kusema mbele ya watu wote hawa. Nimekusamehe."

Vaysse akainama mpaka uso wake ukalingana na uso wa mtoto.

"Unajua mabawa haya yametoka wapi?"

"Uingereza."

"Yalipofika, sikumjua hata mmoja aliyeyakaza. Sijui jina lake, sijui lugha yake. Na yule wa Ujerumani hanijui mimi. Nilipewa karatasi tu, ina saini, inasema: nimekaza, nimekagua. Nikaamini. Huko mjini wanatucheka kwamba tumeshona ndege kwa vipande vya watu wasiopendana. Si kweli. Tumeishona kwa watu wanaosema ukweli wasipoonekana. Siku mmoja wao akiandika 'kipo' na hakipo, ndege hii ni bati tu, tena bati linaloanguka. Ulichofanya Jumapili kilikuwa kibaya sana. Ulichofanya sasa hivi ndicho kinachorusha ndege. Usivichanganye maisha yako yote."

"Sitavichanganya, bwana."

"Na kila siku ya mapumziko mpaka Noeli," nikaongeza mimi, maana maneno mazuri bila kazi hukauka kabla ya chakula cha jioni, "utakwenda kwa mke wa Bwana Ibarz kumfulia na kumbebea makaa. Na shuleni wakiuliza kwa nini, utawaambia."

"Hata Corinne?"

"Corinne wa kwanza."

Mimi mwenyewe nilipewa barua ya onyo. Zana ilitoka Jumapili mbele ya macho yangu, ndani ya koti nililolipiga pasi mimi. Niliisoma barua, nikaona hakuna neno la uongo, nikaitia saini.

Kisha nikaingia nyuma ya kaunta. Nikakitundika kioo namba thelathini na saba, kile chenye grisi, kwenye ndoano yake. Nikamrudishia Ibarz kibati chake, kwa mkono wa kulia. Nikapita ubao mzima, ndoano mia sita, sikuruka hata moja, na hakuna aliyeniharakisha. Ndipo nikaandika jina langu kwenye karatasi ya ndege. Trekta likanguruma, milango mikubwa ikafunguka, na yule mnyama mweupe akaanza kutoka polepole kwenda kwenye mwanga.

Vaysse hakuitazama ndege. Alikuwa amenyoosha kiganja mbele ya Delbosc.

"Ufunguo wa pili," akasema.

Delbosc akaufungua kutoka kwenye mkufu wa mkanda wake. Hakumpa mkononi, aliuweka kwenye kaunta yangu, kando ya kioo chake chenye namba ya kukwanguliwa. Nilimsogezea na kile kioo, kwa ncha ya kidole, maana hakikuwa na ndoano kwangu. Alikitia mfukoni. Kisha akavua kofia, mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaishika mkononi, akapita katikati ya watu wake arobaini, akatoka.